Kuchuma na Kuchuma: Beri Nyeusi katika Magazeti ya Enzi ya Malkia Victoria

Kiswahili kina kitenzi kimoja, kuchuma, kinachofanya kazi mbili. Tunachuma maembe mtini, na tunachuma mali kwa jasho letu. Wahenga waliposema mchumia juani hulia kivulini, hawakutuambia kama mtu huyo alishika kikapu, jembe au mizani ya dukani, maana kwao yote yalikuwa ni kuchuma. Kiingereza huyatenganisha mambo hayo. Kuchuma tunda kuna neno lake, na kuchuma riziki kuna neno lake.

Tofauti hiyo ya lugha imetusaidia kuyasoma magazeti ya zamani ya nchi hii tunamoishi na kusoma. Katika insha hii tunafuata tunda moja dogo la porini katika magazeti ya Uingereza ya enzi ya Malkia Victoria, yaani 1837 hadi 1901. Tunda lenyewe ni beri nyeusi. Hoja yetu ni kwamba gazeti la wakati ule lilitumia jina la tunda hili kumaanisha kitu cha bure na tele, huku ukurasa mwingine wa gazeti hilo hilo ukionyesha kwamba kwa watu maskini tunda hilo lilikuwa riziki, tena riziki yenye ugomvi.

Tunda lenyewe

Kwanza tuelewane kuhusu tunda. Beri nyeusi si forosadi, ingawa yanafanana kwa sura na yote huacha doa vidoleni. Forosadi huzaliwa na mti. Beri nyeusi huzaliwa na mmea wa kutambaa wenye miiba iliyopinda, unaoshika nguo na kukwaruza mikono. Huanza kijani, hugeuka nyekundu, kisha huiva nyeusi kati ya mwisho wa Agosti na mwanzo wa Oktoba. Tunda moja ni mkusanyiko wa vipunje vingi vyenye maji, na kila kipunje kina mbegu yake.

Nchini Uingereza mmea huu haungoji kupandwa. Huota kando ya njia, kwenye viwanja vilivyoachwa, na hasa katika nyua za miti zinazotenganisha shamba na shamba. Ua wa namna hiyo ndio kiini cha habari yetu yote. Upande mmoja kuna barabara ya watu wote, upande wa pili kuna mali ya mtu, na tunda limening'inia katikati.

Magazeti yalivyofika kijijini

Mwanzoni mwa enzi hiyo gazeti lilikuwa kitu ghali, kwa sababu serikali ilitoza kodi mara tatu: kwenye matangazo, kwenye stempu ya gazeti, na kwenye karatasi. Kodi ya matangazo iliondolewa 1853, ya stempu 1855, na ya karatasi 1861. Baada ya hapo magazeti ya bei ya peni moja yalienea, na miji mingi midogo ikapata gazeti lake la kila wiki.

Jambo hili lina uzito kwa mwanahistoria. Gazeti la London lilikuwa na vita, bunge na biashara ya dunia. Gazeti la mji mdogo lilipaswa kujaza kurasa zake kwa habari za jirani: mvua iliyonyesha, bei za sokoni, kesi za mahakama ndogo, mkutano wa bodi ya shule, mtoto aliyeanguka kisimani. Humo ndimo beri nyeusi inamopatikana. Hakuna aliyekaa kuandika historia ya tunda hili, bali limeachwa vipande vipande katika safu mbalimbali, na kazi yetu ni kuziweka safu hizo ubavu kwa ubavu.

Tele kama beri nyeusi

Tuanze na safu ya tahariri. Mwandishi wa enzi hiyo akitaka kusema kwamba kitu kimezagaa hata hakina bei, alisema ni tele kama beri nyeusi. Sisi tungesema kama utitiri, au kama mchanga wa pwani. Wanasheria walikuwa tele kama beri nyeusi, ahadi za wagombea zilikuwa tele kama beri nyeusi, visingizio vya wadeni vivyo hivyo.

Tashbihi hiyo haikubuniwa na magazeti. Imetoka kwa Shakespeare, katika sehemu ya kwanza ya tamthilia ya Henry IV iliyochapishwa 1598, na mwenye kuisema ni Falstaff, mzee mnene na mwongo anayependwa na watazamaji. Wasomi wanaona kwamba ndani yake kuna mchezo wa sauti, kwa kuwa enzi za Shakespeare neno la Kiingereza la "sababu" lilitamkwa karibu sawa na neno la "zabibu kavu". Basi tunda moja liliita tunda jingine. Wasomaji wa gazeti la peni moja hawakuhitaji kuujua mchezo huo. Msemo ulikuwa umeshazoeleka na kujitegemea.

Ukiutazama vizuri, msemo huo una mtazamo ndani yake. Kusema kitu ni tele kama beri nyeusi ni kusema hakina mwenyewe, hakina gharama, na yeyote anaweza kunyoosha mkono akachukua. Huo ni mtazamo wa mtu anayelipita tunda akiwa ndani ya gari la farasi. Anayelichuma anajua kwamba kikapu kimoja ni saa nyingi za kusimama, mikono iliyochanika, na mwendo wa maili kadhaa kwenda na kurudi.

Kalenda ya Shetani

Safu ya pili ni ile ya mila na desturi. Neno la Kiingereza la elimu ya mila za watu lilibuniwa katika enzi hii hii, na lilizaliwa gazetini: William Thoms alilipendekeza mwaka 1846 katika jarida la Athenaeum. Miaka mitatu baadaye alianzisha jarida la Notes and Queries, ambamo wasomaji walibadilishana maswali na habari za mila. Magazeti ya mikoani nayo yalipenda kuchapisha mambo ya namna hiyo, na beri nyeusi haikukosa nafasi.

Imani iliyoenea zaidi ilikuwa hii: usile beri nyeusi baada ya Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, inayoangukia tarehe 29 Septemba. Ilisemekana kwamba Shetani alipofukuzwa mbinguni aliangukia kwenye kichaka cha miiba cha mmea huu, akaulaani. Kila mwaka siku hiyo hurudi kulipiza kisasi. Pengine husemwa anayatemea matunda mate, pengine anayakanyaga, na mahali pengine humwagia kitu kibaya zaidi ya mate. Sehemu nyingine walihesabu mwisho huo kuwa tarehe 10 Oktoba au karibu yake, kwa sababu Uingereza ilipobadilisha kalenda mwaka 1752 siku 11 zilirukwa, na watu wa vijijini waliendelea kuishika sikukuu ya zamani.

Mtu anaweza kucheka, lakini imani hiyo ilikuwa na kazi. Mwishoni mwa msimu unyevu na baridi hulifanya tunda liote ukungu na kupoteza ladha. Mama asiyetaka watoto wake waumwe tumbo alipata msaada mkubwa kutoka kwa Shetani. Hata tiba ilikuwepo. Mtoto mwenye kifaduro alipitishwa chini ya shina la mmea huu lililopinda na kushika mizizi upande wa pili, kama mlango mdogo, akiaminiwa kuuacha ugonjwa nyuma yake.

Katika safu hii wachumaji wa kijijini wanaonekana, lakini kama watu wa ajabu wenye imani za ajabu. Anayesimulia ni kasisi au bwana msomi. Njaa na pesa hazitajwi.

Shule na mtoro

Safu ya tatu ni ya shule, na hapa tunda linaanza kuonyesha bei yake. Kanuni mpya za mwaka 1862 zilifanya fedha za serikali kwa shule zitegemee mahudhurio ya watoto na matokeo ya mtihani mbele ya mkaguzi. Mwalimu mkuu alitakiwa pia kutunza daftari la kumbukumbu za shule. Sheria ya 1870 iliruhusu bodi za shule kuundwa, ile ya 1880 ikawalazimisha watoto wa miaka 5 hadi 10 kuhudhuria, na mwaka 1891 ada ikaondolewa katika shule nyingi za msingi.

Kila Septemba madaftari hayo yanalalamika jambo moja: madarasa yako nusu tupu, watoto wameenda kuchuma beri nyeusi. Malalamiko hayo yalifika katika mikutano ya bodi, na kutoka huko yakafika gazetini. Mwalimu aliona fedha za shule zikipungua. Mzazi aliona kinyume chake. Kabla ya 1891 mzazi huyo alilipa peni kadhaa kila wiki ili mtoto asome, na sasa aliambiwa mtoto aache kuleta peni nyumbani katika wiki chache za mwaka ambazo aliweza kuzileta. Fedha za beri nyeusi zilisaidia kununua viatu kabla ya baridi, na bila viatu mtoto asingefika shuleni majira ya theluji. Baadhi ya shule zilikata shauri na kuwapa watoto likizo ya siku chache za kuchuma, kwa kuwa darasa lingekuwa tupu vyovyote vile.

Lugha ya wenyeji ilikuwa imeshaliona jambo hili zamani. Katika lahaja za magharibi mwa Uingereza, hasa Gloucestershire, neno mooch lilikuwa na maana ya kutoroka shule, na hasa kutoroka ili kwenda kuchuma beri nyeusi. Matunda yenyewe yaliitwa kwa jina linalotokana na neno hilo hilo. Ni kana kwamba Kiswahili kingeliita tunda fulani "watoro". Joseph Wright aliyakusanya maneno kama hayo katika kamusi yake kubwa ya lahaja za Kiingereza, iliyotoka kati ya 1898 na 1905. Uhusiano huo ni wa kale, kwani hata tamthilia ile ile ya Shakespeare inamtaja mtoro pamoja na beri nyeusi. Sheria za shule za enzi ya Victoria hazikuanzisha utoro huo, ila ziliugeuza kuwa kosa la kuandikwa daftarini.

Mbele ya hakimu

Safu ya nne ni ya mahakama ndogo, na ndiyo inayopingana waziwazi na msemo wa tahariri. Ikiwa tunda ni tele na halina mwenyewe, mtu anapelekwaje mahakamani kwa kulichuma?

Jibu lina mzunguko kidogo. Kwa sheria ya kale ya Uingereza, kinachoota ardhini kilihesabiwa kuwa sehemu ya ardhi, na ardhi haiwezi kuibwa. Sheria ya Wizi ya 1861 iliweka adhabu kwa anayeiba matunda ya bustani au mimea iliyolimwa, lakini beri ya porini haikulimwa na mtu. Kuingia tu shambani mwa mwenzako kulikuwa jambo la madai, si jinai. Kwa hiyo mwenye shamba aliyetaka kuwafukuza wachumaji alitafuta njia nyingine, nayo ilikuwa Sheria ya Uharibifu wa Mali ya mwaka huo huo wa 1861. Hakushtaki kwa ajili ya tunda. Alishtaki kwa ajili ya ua uliovunjwa au nyasi zilizokanyagwa. Hakimu aliweza kutoza faini, pamoja na fidia na gharama za kesi. Mara nyingi mshtakiwa alikuwa mtoto au mwanamke, na hakimu mwenyewe alikuwa mwenye mashamba.

Mwaka 1887 mahakama ya juu ilipata kesi ya mtu aliyechuma uyoga wa porini shambani mwa mwingine. Iliamua kwamba kuchuma huko peke yake hakukuwa uharibifu wa mali kwa maana ya sheria ile. Uyoga si beri, lakini msingi ni mmoja, na wachumaji walipata nafuu kidogo.

Kulikuwa na sababu nyingine ya ugomvi, nayo ni uwindaji. Msimu wa kuwinda kwale huanza tarehe 1 Septemba, na wa fezanti tarehe 1 Oktoba, wakati ule ule beri zinapoiva. Matajiri walitumia fedha nyingi kuwafuga ndege hao ili wageni wao wawapige risasi. Walinzi wao hawakutaka makundi ya watoto yapite vichakani yakiwatawanya, na walishuku kwamba chini ya beri za kikapu kulikuwa na sungura. Tangu sheria ya 1862 polisi walikuwa na mamlaka ya kumsimamisha na kumpekua barabarani mtu wanayemshuku kwa ujangili.

Wakazi wa mijini nao walikuwa na lao. Chama cha kutetea ardhi za jumuiya kilianzishwa 1865, na baada ya mapambano marefu sheria ya 1878 iliuweka Msitu wa Epping, karibu na London, uwe mahali pa watu wote. Familia za mashariki ya London zilizotoka kutembea huko siku ya mapumziko ziliweza kuchuma beri kwa raha tu. Huyu ndiye mchumaji aliyependwa na majarida yenye picha: mtoto mwenye mashavu mekundu na kikapu kidogo. Mtoto wa kibarua kijijini alifanya kitendo kile kile, akaitwa mharibifu.

Reli na jamu

Mambo mawili yaliifanya beri nyeusi iwe bidhaa. La kwanza ni reli. Tunda hili huharibika ndani ya siku moja au mbili, hivyo bila usafiri wa haraka halifiki mbali. Reli ziliwezesha vikapu vilivyojazwa kijijini jioni kuwa sokoni mjini asubuhi. La pili ni sukari. Kodi ya sukari ilifutwa 1874, na jamu ikawa chakula cha watu wa kawaida, ikipakwa kwenye mkate mahali ambapo siagi ilikuwa ghali. Viwanda vya jamu vilikua haraka: Chivers walijenga kiwanda chao Histon mwaka 1875, Wilkin walianza Tiptree mwaka 1885, na Hartley alifungua kiwanda kikubwa Aintree mwaka 1886.

Wakati Wamarekani walikuwa wameshaanza tangu miaka ya 1850 kupanda aina bora za beri nyeusi bustanini, kama ile iitwayo Lawton, Uingereza iliendelea kutegemea zaidi mikono ya wachumaji wa porini. Hapo kuchuma kukawa kuchuma kwa maana zetu zote mbili. Ndipo pia hoja ya wenye mashamba ilipopata nguvu: mnasema ni tunda la bure, basi mbona mnaliuza?

Tunda lililomfikisha mtu kaburini

Safu ya mwisho ni ile ya ajali na vifo. Watoto walioenda kuchuma walipotea, walianguka mashimoni, au walikula tunda lisilo lenyewe. Hofu ya beladona, mmea wenye tunda jeusi linalong'aa na lenye sumu, ilirudi kila msimu. Mwaka 1846 matunda ya beladona yaliuzwa mitaani London kama chakula, watu wakafa, na mchuuzi akatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia.

Habari iliyotikisa nchi ilitoka Alton, Hampshire. Jumamosi tarehe 24 Agosti 1867, Fanny Adams, msichana wa miaka 8, alikuwa akicheza karibu na nyumbani pamoja na mdogo wake na rafiki. Karani wa wakili aliwapa watoto hao vijisenti na kuwachumia beri nyeusi, kisha akamchukua Fanny, akamuua. Muuaji alinyongwa hadharani Winchester tarehe 24 Desemba mwaka huo mbele ya maelfu ya watu. Magazeti ya nchi nzima yaliandika kila undani, na habari ya beri ikajulikana hata kwa wasiowahi kufika Hampshire.

Yaliyofuata ni ya lugha. Miaka michache baadaye wanamaji walipewa nyama ya kondoo ya makopo, wakaichukia, wakaiita kwa mzaha jina la mtoto huyo. Baadaye jina likachukua maana ya "hakuna kitu". Leo Waingereza wengi husema Sweet Fanny Adams, au vifupisho vyake, bila kujua kwamba wanamtaja mtoto aliyezikwa. Kaburi lake Alton lina jiwe lililowekwa mwaka 1874 kwa michango ya watu. Kitu cha tele na kitu cha bure vilikuwa na msemo, na sasa "hakuna kitu" nako kulipata msemo, na misemo yote miwili iligharimiwa na watu wadogo wa ua ule wa miiba.

Nani aliandika?

Tukiziweka safu zote pamoja tunaona jambo ambalo safu moja peke yake haisemi. Mchumaji wa beri nyeusi ametajwa mara nyingi sana, lakini mara chache amepewa kalamu. Tunamkuta akiwa mtoro kwa mwalimu, mharibifu kwa hakimu, mshirikina kwa kasisi, na maiti kwa mchunguzi wa vifo. Siku alizochuma salama, akauza, akanunua viatu, hazikuwa habari. Kwa hiyo anayetaka kuijua riziki ya watu hawa asitosheke na ukurasa wa tahariri, wala asidhani kwamba ukurasa wa mahakama ni kioo cha maisha yao yote.

Ugomvi wenyewe haukuisha na Malkia. Mwaka 1918, vita vikiwa bado vinaendelea, watoto wa shule walipangwa na serikali kwenda kuchuma beri nyeusi kwa ajili ya jamu ya wanajeshi. Kosa la daftarini likawa uzalendo. Na Sheria ya Wizi ya 1968 inasema kwamba anayechuma matunda ya mmea wa porini katika ardhi yoyote haibi, isipokuwa akichuma kwa malipo au kwa kuuza. Bunge liligawa kitendo kimoja katika sehemu mbili, pale pale ambapo Kiswahili kimeweka neno moja. Mwenye kuchuma ale, yuko huru. Mwenye kuchuma ili achume, ajihadhari.